Maji ya Barafu hupangwa Karanga

SWALI: "Nina miaka 29, naishi Pasua, Moshi. Nimekuwa msaidizi wa kiongozi mlimani Kilimanjaro kwa misimu minne, na Februari kampuni ikanipa safari ya kwanza kama kiongozi mkuu: njia ya Machame siku 7, wageni 4, timu ya watu 17 nikiwemo mimi. Tulipanda na kushuka, lakini mambo mawili yananikosesha usingizi. Tulipofika Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, nilimfokea mgumu (mbeba mizigo) mmoja, mtu mzima wa rika la baba yangu, mbele ya wageni kwa sababu maji yalichelewa. Tangu hapo wagumu walinijibu 'ndiyo' na 'hapana' tu mpaka lango la kushukia la Mweka. Halafu usiku wa kileleni mgeni mmoja alitapika mara mbili akaanza kuyumba. Nikamtia moyo, tukaenda mpaka Uhuru, akashuka ameshikwa huku na huku. Bosi kasema hanipi safari ya Juni mpaka nijifunze 'kujiongoza mwenyewe kwanza'. Hakufafanua. Kwa vitendo ni kufanya nini?"

JIBU: Mdogo wangu, bosi wako amekupa jembe zuri bila mpini. Tuutafute mpini.

Watu wakisikia kujiongoza hudhani ni habari ya tabia: uwe mvumilivu, uamke mapema, ujiamini. Semina zimejaa maneno hayo na mtu akitoka pale anabaki yule yule. Kwa kazi yako neno hili lina maana nyembamba na yenye faida zaidi: uamue ukiwa chini, umelala na umeshiba, utakachofanya ukiwa juu, umechoka na hewa haitoshi. Makosa yako mawili yalionekana Barafu na juu ya Barafu, ila yote mawili yalianza mapema zaidi, wakati bado una akili zako zote.

Anza na maji. Barafu hakuna maji, unalijua hilo vizuri. Mnaingia mchana, mnakula mchana na jioni, mnakunywa chai kabla ya kuondoka usiku, na mkishuka asubuhi mnataka kukuta kitu cha moto. Watu 21, lita moja na nusu kwa kila mmoja kwa chai, supu na kupikia, ni kama lita 32. Wageni 4 na viongozi 3 wanaopanda, lita 3 kila mmoja kwenye chupa, ni 21. Wagumu 13 na mpishi, lita moja na nusu kila mmoja ya kunywa, 21 nyingine. Ongeza ya vyombo na itakayomwagika, unakaribia lita 80. Lita moja ni kilo moja, na mzigo wa mgumu una kikomo cha kilo 20. Kwa hiyo unahitaji watu wanne ambao, wakishatua mizigo yao Barafu, watageuka washuke tena bonde la Karanga, kambi mliyotoka asubuhi, na kupanda upya.

Uliwataja hao wanne kwa majina? Ulisema dumu la kwanza liwe jikoni saa ngapi? Kama wakati mnaondoka Karanga ulisema "jamani, maji msisahau", basi hukupanga, ulitamani. Sasa mwangalie yule mzee anavyoingia kambini: dumu la lita 20 limezibwa kwa kipande cha nailoni chini ya mfuniko lisivuje, kamba imeuma bega, pumzi inatoka kwa vipande, karibu mita 4,700 juu ya bahari, na hiyo ni safari yake ya pili kwa siku hiyo. Anachopokewa nacho ni kelele za kijana aliyesahau kumpa saa. Wenzake walinyamaza kwa sababu hesabu hii wao walikuwa nayo kichwani tangu asubuhi. Hawakukuchukia. Waliacha tu kukuamini na habari, na kiongozi asiyeletewa habari mlimani yuko hatarini.

Kwenye taaluma ya uongozi, wazo la kujiongoza lilipata umbo lake mwaka 1986, Charles Manz wa Marekani alipochapisha makala iliyolipanua kutoka kujisimamia tu hadi kujiongoza. Humo na katika kazi zilizofuata kuna mafungu matatu: mbinu za matendo, kuipata raha ndani ya kazi yenyewe, na namna ya kufikiri. Kwa hatua uliyopo, shika la kwanza tu. Ndani yake kuna kujichunguza, kujiwekea lengo, kujikumbusha, kujituza, na kujiadhibu. Hilo la mwisho liache. Mtu anayejichapa moyoni kwa kosa la jana huwa na haya ya kulitazama sawasawa, na asipolitazama halirekebishi.

Kujichunguza kunaanza na daftari dogo linaloingia mfuko wa koti, na penseli; kalamu ya wino hugoma kwenye baridi. Kila jioni, kabla ya kwenda kuwaeleza wageni ratiba ya kesho, andika mistari mitatu. Mmoja: leo nilikaribia kukasirika au kuogopa saa ngapi, kwa kitu gani. Wa pili: nilifanya nini hasa, kwa maneno niliyoyatamka. Wa tatu: nusu saa kabla ya hapo nilikuwa nimekula, nimekunywa, nimekaa? Mstari wa tatu ndio wenye mali. Baada ya safari mbili utaona kwamba hasira zako hazitokei ovyo. Wengi hulipuka kati ya saa nane na saa kumi mchana, wameingia kambini, wamewahudumia wageni, wenyewe hawajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Ukishajua hivyo, dawa inaweza kuwa ndizi mbili na kikombe cha uji kabla hujaanza kukagua kambi. Nachekesha? Jaribu.

Daftari huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuandika mahubiri ("natakiwa kuwa mtulivu") badala ya tukio. Ya pili, na ndiyo ya kawaida zaidi, ni kuandika makosa ya wengine. Ukiona ukurasa una majina ya watu wanne na neno "mimi" halimo, umeandika ripoti ya polisi.

Sasa tuje kwenye lile zito. Nikuambie wazi: kumfokea mzee ni kosa la adabu linaloombewa radhi. Kumpeleka juu mgeni anayetapika na kuyumba ni kosa linaloweza kuua. Kuyumba si uchovu wa kawaida mpaka uthibitishe hivyo. Ni dalili ya kwanza unayopaswa kuifikiria ya ubongo kuvimba kwa maji. Mtu huyo hashauriwi, anashushwa, hapo hapo. Vivyo hivyo anayehema akiwa amekaa, anayekohoa kikohozi chenye majimaji au mwenye midomo ya bluu: hayo ni mapafu. Namba ya oksimita, kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, peke yake isikuamulie, inapanda na kushuka kwa baridi ya vidole tu.

Kwa nini ulimsukuma? Sitaki kukudhania, lakini tazama saa. Kama siku ile uliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri kule Karanga na hukulala jioni, ikifika saa nne na nusu usiku ulikuwa macho kwa saa 17. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid walichapisha katika jarida la Nature jaribio lililopima uratibu wa macho na mikono: mtu aliyekesha saa 17 alifanya sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu dereva kukivuka. Akifikisha saa 24 ni sawa na karibu asilimia 0.10. Saa 24 zako zilitimia mkikaribia Stella Point, ukingoni mwa kreta, na huenda ndipo mgeni alipokuwa anayumba. Na majaribio yale hayakufanyiwa mlimani. Kule Uhuru, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa pwani. Kwa hiyo aliyekuwa anaamua kuhusu mgonjwa, mwenyewe alikuwa kama mlevi aliyebanwa pumzi. Ukiongeza hamu ya kufikisha wageni wote kwenye safari yako ya kwanza, jibu lilikuwa limeshajulikana.

Hakuna ushujaa unaoshinda hali hiyo, kuna kupanga tu. Barafu, saa moja usiku, wewe unalala. Msaidizi wa kwanza ndiye anayekagua taa, chupa na glavu za wageni, na mpishi anaamsha watu saa nne na nusu. Viongozi wapya hawapendi kusikia hili. Wanaona kulala wakati wengine wanafunga mizigo ni uvivu. Mgumu mzoefu anaona tofauti: anaona kiongozi anayejua kwamba kazi yake hasa ipo saa kumi alfajiri.

Halafu andika kadi. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia, alieleza mwaka 1999 kwamba nia ya jumla ("nitakuwa makini na wageni") hufanya kazi kidogo kuliko mpango wenye sura ya "nikiona hili, nitafanya hili". Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walijumlisha majaribio 94 na mpango wa namna hiyo ukaonekana kusaidia kweli watu kufikia malengo. Siri yake ni kwamba uamuzi unakuwa umeshafanyika. Kichwa kilichochoka kinabaki na kazi ya kutambua tu. Ya kwako iwe na mistari minne, iandikwe Moshi, siyo kambini:

Nikiona mgeni anayumba, nitamsimamisha mahali tambarare atembee hatua kumi kisigino kikigusa vidole. Akishindwa, anashuka, hakuna mjadala.

Mgeni akitapika mara ya pili, nitampa alama za Lake Louise; zikifika 3 na kichwa kinauma, hapandi hatua nyingine; zikizidi kukua, anashuka.

Mgonjwa wa kwanza anashuka na msaidizi wa kwanza na mgumu mmoja mwenye mavazi ya kileleni. Wa pili anashuka na msaidizi wa pili. Akitokea wa tatu, tunashuka wote.

Nikijisikia nataka kusema "bado kidogo tu", nitasimama dakika mbili, ninywe maji, nisome kadi hii.

Alama za Lake Louise, kama hukuzishika vizuri kwenye mafunzo, ni dalili nne: kichwa, tumbo, uchovu, kizunguzungu. Kila moja inapewa 0 hadi 3. Usingizi uliondolewa kwenye orodha mwaka 2018, kwa hiyo fomu ya zamani yenye dalili tano itupe. Zoezi la hatua kumi lifanye na wewe pia pembeni yake, kwa sababu kwenye baridi na viatu vizito hata mzima hupepesuka kidogo, na unahitaji wa kumlinganisha naye.

Mstari wa tatu wa kadi wasomee wasaidizi wako kabla hamjatoka getini. Na wageni waambie wakati wa chakula cha jioni Barafu, kila mmoja aitikie kwa mdomo wake: nikisema rudi, tunarudi. Mgeni aliyekubali saa kumi na mbili jioni akiwa na akili timamu hugomba kidogo sana saa tisa usiku.

Kuhusu hasira, usijiambie "hasira hasara". Methali haizuii mdomo uliokwisha kufunguka. Kuna kitu kidogo kinachosaidia: kujiita jina. Mwaka 2014 Ethan Kross na wenzake walichapisha majaribio ambamo watu waliobanwa, kwa mfano waliotakiwa kuhutubia bila maandalizi, walitulia vizuri zaidi walipojisemesha kimoyomoyo kwa jina lao kuliko waliposema "mimi". Basi jiulize kwa jina lako: fulani, unataka maji au unataka kuonekana mkubwa? Swali hilo linachukua muda wa pumzi mbili, na mara nyingi pumzi mbili zinatosha. Ukiona hazitoshi, geuka uende ukakague hema la choo. Hakuna anayemfuata mtu huko.

Yule mzee sasa. Usisubiri Juni, wala usipige simu. Nenda kwake, jioni, akiwa ametulia. Shikamoo, kaa ukikaribishwa, subiri chai ikija, ndipo useme: "Mzee wangu, siku ile Barafu nilikosa. Maji yalichelewa kwa sababu mimi sikupanga. Nikakufokea mbele ya wageni na mbele ya vijana wako." Ishia hapo. Usiweke "lakini" baada ya hayo, na usiache noti mezani, kwa sababu pesa hapo itageuza radhi kuwa malipo. Wachagga wana jani la isale kwa jambo hili hili, na kama mzee ni wa huku Kilimanjaro na wewe unaujua utaratibu wake, litasema kuliko wewe. Kama huujui usiigize. Muulize mzee wa ukoo kwanza. Kisha, kwa kuwa ulimvunjia heshima hadharani, rudia kwa sentensi moja hadharani: siku utakayorudi kazini, getini Machame, kabla ya mizigo kupanda mzani, timu yote ikiwa imekusanyika. Na begi lako liwe la kwanza kwenye mzani huo.

Msije mkachanganya radhi na ulegevu, wewe na yeye. Kumwamkia mtu asubuhi hakumaanishi umwogope mchana. Agizo kwa mtu mzima linataka vitu vitatu, kiasi, jina na saa, na sauti ya kawaida: "Mzee, madumu manne, la kwanza liwe jikoni saa nane. Utaenda na nani?" Swali la mwisho linamwachia yeye kuchagua watu wake, na hapo heshima yake imekaa mahali pake bila wewe kupoteza saa nane yako.

Jambo jingine hukuuliza, lakini nalitaja kwa sababu huharibu viongozi wengi zaidi ya hasira: bakshishi. Kiongozi mwenye mkopo wa kausha damu unaodaiwa siku anayoshuka Mweka amepanda na mdai wake mpaka Barafu. Atamwogopa mgeni asimkasirishe, atamsukuma afike ili bahasha inenepe, na akigawa mkono utamtetemeka upande mmoja. Kama una deni, omba tarehe ya kulipa isogezwe wiki moja baada ya safari, au lipunguze kabla ya Juni hata kwa kuuza kitu. Mgao uandike kabla hujaijua jumla: kiongozi sehemu ngapi, msaidizi ngapi, mpishi ngapi, mgumu ngapi. Jumla ikitoka, isomwe kwa sauti mbele ya wote, kila mtu apokee mkononi mwake. Wagumu wanajua kujumlisha, usidanganyike.

Sasa wakati. Phillippa Lally na wenzake huko London waliwafuatilia watu 96 wakijenga mazoea mapya, wakakuta wastani wa siku 66 mpaka tendo lianze kujiendesha lenyewe, wengine 18, na kwa makadirio wengine 254. Piga hesabu kwa safari za siku 7: siku 66 ni safari tisa na zaidi. Ukitegemea kujifunzia mlimani, utajifunza kwa gharama ya wageni wa safari tisa. Lakini una masika yote mbele yako, kazi ni chache, na kuanzia sasa hadi mwisho wa Mei siku zinatosha. Chagua mazoea mawili tu, uyafanyie hapo hapo Pasua. Daftari la mistari mitatu kila usiku, hata kama siku nzima ulikuwa unapalilia au unaendesha boda. Na kiasi-jina-saa kwa kila unachomwagiza mtu, hata mtoto: "Nenda Mbuyuni, nyanya za elfu mbili, urudi kabla ya saa kumi na moja." Utashangaa mara ngapi ugomvi wa nyumbani ulikuwa agizo lisilo na saa. Ukikosa siku moja endelea kesho yake. Utafiti ule ule ulionyesha kukosa mara moja hakuharibu kitu cha maana. Kinachoua ni kuanza mazoea matano Jumatatu na kuyaacha yote Alhamisi.

Bosi wako. Bila shaka ripoti yako ya Februari inasema "wageni wote 4 walifika Uhuru", na ni kweli. Iandike upya, ukurasa mmoja, umpelekee kabla hajakuuliza: mgeni alitapika saa ngapi na mahali gani, alianza kuyumba wapi, nani alikuwa karibu, wewe uliamua nini, ulikuwa macho tangu saa ngapi, na alichukua muda gani kurudi kutembea sawasawa mlipofika chini. Ambatisha kadi ya mistari minne. Usiandike kwamba umejifunza. Mwombe akupangie msaidizi wa kwanza mzoefu kuliko wewe kwa safari ya Juni, na mwambie msaidizi huyo, bosi akisikia, kwamba akisema mgeni ashuke hutabishana naye.